Fundi Aliyengoja Mvua Ikatike

Ukipita Nkwenda ukauliza nani alikuwa wa kwanza kupandisha ghorofa tatu pale sokoni, utaonyeshwa mimi. Ukiuliza nani alikuwa na malori mawili wakati wengine bado wanabeba maharage kwa baiskeli, utaonyeshwa mimi pia. Niliishia darasa la nne, Bweranyange, na leo wenye vyeti vyao wananiandikia barua za kuomba kazi ya mapokezi kwenye loji yangu. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani ninaandika habari za Fundi kwa kukosa za kwangu. Ninazo, na ni nyingi. Ila kila nikikaa kuandika za kwangu namkuta Fundi amekaa katikati ya ukurasa, na mimi niko pembeni nimeshika pampu ya baiskeli.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita nalo. Mafundi wengine ilibidi waongezewe kitu ili wajulikane: fundi cherehani, fundi saa, fundi redio. Yeye alikuwa Fundi peke yake, na kila mtu alijua ni yule wa picha. Mimi aliniita Tajiri tangu siku ambazo nilikuwa na suruali moja. Sikujua kama ananitania au ananiombea, na sikumuuliza, kwa sababu nilipenda kuitwa hivyo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, ukingoni mwa soko, pale ardhi inapoanza kushuka bondeni. Mlango mmoja mbele, madirisha mawili: moja upande wa soko, moja upande wa bonde. Kati ya madirisha kiti. Umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo hayo madirisha ndiyo yalikuwa taa zake, na alikuwa na vipande viwili vya kanga nyeupe vya kupunguzia jua likiwa kali. Nyuma ya kiti lilining'inia pazia. Ukimwuliza mtu yeyote wa umri wangu Kyerwa nzima kuhusu pazia lile atacheka, maana alishasimama mbele yake. Lilichorwa mji: majengo marefu, daraja, taa za barabarani, ndege inapita. Bibi zetu wamepigwa picha na kikapu cha kahawa kichwani mbele ya daraja ambalo halipo popote duniani. Vijana walituma picha hizo kwa wachumba, wakaandika nyuma, "Nikiwa mjini."

Fundi hakulipenda pazia. Alilinunua kwa sababu wateja walilitaka.

"Tazama," aliniambia siku moja. "Huyu mchoraji alianza chini kwa bidii. Madirisha kahesabu, taa kazipanga. Alipofika juu akachoka. Hili unaita anga? Hili ni shuka la hospitali."

Hapo ndipo ungeanza kumjua. Nyuso za watu zilikuwa kazi yake ya chakula. Pasipoti saizi, kipaimara, harusi, mtoto mpya. Kazi yake ya moyo ilikuwa anga, na hasa pale anga linapokutana na mapaa ya mji. Mahali hapo alipaita ukingo. Alinieleza mara nyingi, akiweka viganja viwili kimoja juu ya kingine kama mtu anayefunga mdomo wa mamba: "Mji ni mdomo wa chini, anga ni mdomo wa juu. Mimi napiga pale wanapofungia."

Mimi nilimjibu kwamba mdomo haulipi kodi ya chumba. Alicheka mpaka akakohoa.

Kuna miaka kama mitatu, zamani hizo, ambayo picha zake zote za watu zilitoka nusu uso. Upande mmoja wa uso uko wazi, upande wa pili umezama gizani, unaona ncha ya sikio tu. Watu hawakulalamika. Walisema Fundi ameleta staili mpya kutoka Kampala. Ikasifiwa sana. Nasikia mpiga picha mmoja upande wa Kayanga aliziba dirisha lake kwa gunia la kahawa ili naye atoe nusu uso. Picha ya harusi yangu ni ya miaka hiyo. Mke wangu, Mama Editha, amekaa kwenye kiti, mimi nimesimama na koti la kuazima, na sisi wote wawili tuna nusu nusu. Niliitundika sebuleni nikijivunia kuwa ni ya staili.

Kazi ya anga ilikuwa na saa yake. Wakati wa kiangazi, watu wakichoma majani milimani na vumbi likipanda, Fundi hakugusa kamera kwa ajili ya anga hata ungemwonyesha jua lenye rangi saba. "Limefunga," alisema. "Ni uji huo." Alingoja mvua. Na siyo mvua yenyewe, alingoja ikatike. Kuna robo saa hivi, mvua inapokwisha na jua likapenya kabla mawingu hayajaondoka, ambapo unaona kutoka Nkwenda mpaka milima ya ng'ambo ya Mto Kagera kama mtu amekupangusia macho kwa kitambaa. Robo saa hiyo Fundi hakuwa na mteja, hakuwa na rafiki, hakuwa na msiba.

Namkumbuka bibi harusi mmoja kutoka Kimuli. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti, amepakwa poda, shela limepangwa, wasimamizi wamejipanga, mvua inapiga bati juu. Mvua ikakatika. Fundi akatazama dirishani, akachukua kamera yake ya pili, ile kubwa, na ile stendi ya miguu mitatu, akatoka bila kuaga. Tulimwona anateremka bondeni anakimbia, mtu mzima yule, makubazi mkononi. Alirudi baadaye na tope mpaka magotini, anatabasamu.

Shangazi wa bibi harusi alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi waitu, Fundi wetu, sisi umetupanga hapa kama mikungu ya ndizi inayosubiri gari?"

"Shangazi nisamehe. Bibi harusi yupo. Lile lilikuwa linaondoka."

"Na bwana harusi akiondoka?"

"Akiondoka kwa robo saa, mshukuruni Mungu mmemjua mapema."

Shangazi alitaka kukasirika, akashindwa. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Picha ile ilitoka nzuri kwa sababu wote walikuwa bado wanacheka, na naambiwa mpaka leo iko ukutani kwao. Mimi ningekuwa yule bwana harusi ningedai mwingine anipige. Lakini wakati ule hapakuwa na mwingine, na hilo Fundi alilijua vizuri.

Alisafiri kwenda miji. Mwanza, Kigali, Kampala, mara moja Dar es Salaam. Wengine wakienda huko wanarudi na redio au viatu. Yeye alirudi na matope na usingizi. Nilikwenda naye Mwanza mara moja, mimi nikifuata vipuri vya lori. Nilipomaliza shughuli zangu nilimkuta juu ya paa la jengo moja, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlinzi amesimama pembeni na rungu.

"Mzee wako huyu," mlinzi akaniambia, "tangu asubuhi anasema anataka kupiga picha, na hapigi. Nimemwuliza anapiga nini, benki ile? Akasema anapiga juu ya benki. Nikamwambia juu ya benki hakuna kitu. Akasema ndicho hicho."

"Ndicho hicho," Fundi akasema, bila kugeuka.

Tulikaa pale tukala mihogo ya kukaanga ya mlinzi. Wingu likatoka ziwani, likamwaga maji dakika chache tukajibanza kwenye ngazi, likapita. Fundi akasimama, akapiga picha moja. Akafunga mfuko.

"Moja tu?" nikamwuliza. Nilikuwa nimelowa.

"Wewe uliponunua lori ulinunua mangapi kwa siku moja?"

"Moja."

"Basi."

Ile picha ilikuzwa, ikatundikwa kwenye hoteli moja huko huko Mwanza. Nilikwenda kuiona kwa miguu yangu. Majengo yamekaa chini meusi kama meno, na juu yake wingu limefunguka, na mahali lilipofungukia kuna mwanga ambao siwezi kuueleza, na mimi si mtu wa kushindwa kueleza. Nilirudi nimejaa sifa. Fundi aliniuliza swali moja tu.

"Wameitundika wapi?"

"Ukumbini, karibu na mlango wa vyoo."

"Vizuri. Kila mtu atapita."

Alikuwa na mambo ambayo hayakupatana. Aliyezunguka miji akitafuta anga, nyumbani kwake aliishi ndani ya kibanja chenye migomba minene kiasi kwamba mchana unaweza kukanyaga kuku. Kutoka uani kwake huoni wingu hata moja. Nilimwuliza kwa nini asipunguze migomba. Akasema, "Wewe ukitoka kununua kahawa, unakwenda nyumbani kuangalia magunia?" Alikuwa mkimya kanisani, anakaa benchi la nyuma dirishani, lakini wakati wa kurudi angeweza kukueleza wingu moja kutoka kanisani mpaka sokoni. Akifurahi sana alihama Kiswahili akaingia Kinyambo, na hapo ukajua picha imetoka.

Na hakukubali mtu aingie kwenye picha za anga. Hata kwa mbali. Hata mchungaji wa ng'ombe juu ya kilima. Alingoja apite. Mama yangu alipofariki, Fundi alikuja Bweranyange kwenye msiba, akakaa na wazee, hakutoa kamera. Watu wengine walipiga picha za jeneza na simu zao. Wiki iliyofuata akaniletea picha moja ndani ya bahasha. Ilikuwa anga tu, na mstari mwembamba wa mapaa ya nyumba zetu chini kabisa.

"Hii ni saa tisa ya siku ile," akasema. "Nilitoka nje kidogo."

Saa tisa ndiyo saa tuliyomshusha mama. Nina picha yenyewe chumbani kwangu, siyo mapokezini, na simwonyeshi kila mtu.

Simu zilipokuja na kamera, biashara ya nyuso ilikufa. Mimi nilimhurumia, nikamshauri afungue duka la vocha. Yeye alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sasa watu wanajipiga wenyewe," alisema. "Mimi wameniachia juu."

Sasa nifike kwenye mwamba.

Ng'ambo ya bonde dogo, mkabala na soko, kuna mwamba mpana umelala kwenye mteremko kati ya mikaratusi. Uko chini kidogo ya usawa wa soko. Kwa hiyo ukisimama pale na kutazama Nkwenda, mapaa hayana mlima nyuma yake. Yana anga tu. Kila mwaka, vuli zikianza, mvua ya kwanza kubwa ikikatika, Fundi alikwenda kwenye mwamba ule akapiga picha moja ya Nkwenda. Moja kwa mwaka. Na ili asikosee mahali, alichonga kwa patasi vishimo vitatu kwenye jiwe, vya miguu mitatu ya stendi. Kila mwaka miguu inaingia mule mule. Nkwenda yote iliyokua tangu nikiwa kijana ilikua mbele ya vishimo vile.

Nilipojenga ghorofa langu nilikuwa na wazo moja kichwani, nalo ni picha ya mwaka huo. Nilijua litasimama katikati, refu kuliko yote. Nilipofika kwenye paa Fundi alikuja mwenyewe kwenye ujenzi, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine.

"Tajiri, bati utaweka rangi gani?"

"Bluu. Ile ya msauzi, nzito."

"Weka nyekundu. Au kijani."

"Nyekundu kila mtu anayo, Fundi. Kanisa wanayo, shule wanayo, mpaka mwenye duka la dawa anayo."

"Ndiyo maana wanaonekana."

Nilidhani ni wivu. Niliweka bluu, bati la bei ya juu kuliko yote lililofika Kagera mwaka ule. Mvua ikaja, ikakatika, Fundi akapiga. Picha ilipotoka nilikwenda kuiona na watu nyuma yangu, nimewaalika. Kuta zangu zilisimama. Madirisha yalihesabika. Na juu ya kuta hapakuwa na kitu. Anga lilikuwa bluu ile ile, limeteremka mpaka kwenye matofali, limekula paa langu lote. Ghorofa la kwanza la Nkwenda lilionekana kama jengo ambalo mwenyewe alikimbia kabla ya kuezeka.

Mama anayeuza ndizi mbivu mlangoni pa studio aliitazama, akaitazama tena. "Tajiri," akasema, "mvua ikinyesha wageni wako wanalala wapi?"

Fundi hakucheka. Hakusema "nilikwambia". Aliiweka picha kwenye sanduku pamoja na nyingine. Mimi nilimwomba airudie, akasema picha ya mwaka huo imeshapigwa. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikaa naye vibaya miezi mingi. Tukikutana namwamkia, shikamoo, marahaba, nampita.

Ndipo wenye ile mikaratusi ng'ambo walipouza. Nikanunua shamba zima, mwamba ukiwa ndani yake. Nilitaka loji ya pili, yenye vyumba vinavyotazama mji. Mwashi wangu alipima akaniambia mwamba uko pale pale panapotakiwa msingi, na kwamba tukiuchoma kwa magogo ukapasuka, kisha tukaupiga nyundo, kokoto yake itatosha msingi wote. Nilifurahi. Sitadanganya hapa: nilikumbuka vishimo vitatu, na nilifurahi hata hivyo. Magogo yakapangwa juu ya mwamba. Moto ulikuwa uwashwe Jumatatu.

Jumamosi, saa za chakula cha mchana, Fundi aliingia kwenye mgahawa wa loji yangu na bahasha kubwa ya kaki kwapani.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Tajiri. Una nafasi?"

"Kwako ninayo."

"Basi unganisha meza mbili."

Tukaunganisha. Akatoa picha, akazipanga moja moja, kwa miaka yake, kama mtu anayeanika kahawa. Nkwenda na anga, Nkwenda na anga, mpaka meza zikajaa. Wahudumu wangu wakasogea, nikawafukuza kwa macho.

"Nimesikia Jumatatu unauchoma mwamba," akasema.

"Nauchoma. Kokoto ya pale itatosha msingi wote."

"Itatosha. Ni jiwe zuri."

"Umekuja kuniombea mwamba?"

"Shamba ni lako. Nimekuja uzione kwa pamoja. Ukishauchoma, hizi ndizo zilizopo. Hakutakuwa na nyingine ya kuzifuata."

Kisha akaagiza chai.

Mimi nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikajitafuta. Nilianzia mwisho. Hili ghorofa langu lisilo na paa. Hii yadi yangu ya malori. Hili ghala langu la kwanza la maharage, likiwa na bati zinazong'aa. Nilikuwa narudi nyuma mwaka kwa mwaka na kila mwaka nikijiona nikipungua. Fundi akanipa lenzi yake ndogo ya kukuzia. Kwenye picha tatu za kwanza kabisa sikuliona ghala wala duka. Niliona studio ya Fundi ukingoni mwa soko, na kwenye ukuta wake wa bondeni kitu kidogo kimeegemea.

"Hiki nini?"

"Hicho ni wewe."

Bati tatu kuukuu na nguzo mbili. Banda langu la kuzibia pancha. Niliweza kuona hata tairi lililoning'inia.

Sasa msomaji ajue jambo moja. Kwenye harusi, kwenye harambee za kanisa, hata siku waliyonipa kipaza sauti kwenye mkutano, nimesema miaka yote kwamba nilianza na pampu moja na spana mbili, nje, chini ya anga, bila kusaidiwa na mtu. Nimelisema mpaka watoto wangu wanalijua kwa moyo. Na sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimesahau. Pale kwenye meza, lenzi mkononi, ndipo nilipokumbuka mvua ya siku ile, mimi nimebeba bati kichwani, Fundi kasimama mlangoni. Nikamwambia naomba niegemeze hapa mpaka mvua ikatike. Akasema, "Egemeza." Nilikaa miaka mitatu.

Nikautazama tena ule ukuta.

"Fundi. Upande huu si kulikuwa na dirisha?"

"Lilikuwepo."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa anakusanya picha, akizilinganisha kingo.

"Ulikuwa una kazi," akasema.

Akamaliza chai yake, akaniaga, akaondoka na bahasha. Hakuuliza tena habari ya mwamba.

Nilipanda nyumbani, nikaitungua ile picha ya harusi, nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Mke wangu akatoka jikoni na kisu cha ndizi mkononi.

"Unaitafutia nini leo?"

"Upande huu wa uso wako haupo."

"Umeona leo? Mimi miaka yote nilidhani Fundi aliona kovu langu akanisitiri. Halafu nikaja kuangalia vizuri, kovu liko upande wa mwanga."

"Ni mimi," nikamwambia. "Niliziba dirisha lake kwa bati."

Mama Editha alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. "Wewe," akasema. "Kyerwa nzima." Akarudi jikoni, na kwa muda mrefu nilimsikia anacheka peke yake kule, akitaja majina ya watu: fulani nusu uso, fulani nusu uso, na yule padri.

Jumatatu nilifika bondeni kabla ya vibarua. Nilimwambia mwashi tusogeze msingi hatua thelathini kwenda chini.

"Bosi, huko chini ni tope."

"Ingia kwenye tope."

"Na kokoto?"

"Tutaleta kutoka kwingine. Mimi nashindwa kuleta kokoto?"

Watu wakasema nimeota ndoto mbaya. Wengine wakasema kuna nyoka pale. Niliwaacha. Msingi wa ile loji ni imara kuliko wowote Kyerwa, uliza mtu yeyote, na vyumba bado vinatazama mji. Magogo tulichomea matofali. Kwa Fundi sikupeleka neno. Mvua ya kwanza ilipokatika mwaka ule nilimwona kutoka dirishani kwangu, anavuka bonde na stendi yake begani. Alifika kwenye mwamba, akasimama kidogo, akainama, akapitisha kidole kwenye vishimo kuondoa majani. Akapiga yake moja. Wakati wa kurudi alipita mlangoni kwangu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Tajiri. Leo limetakata."

Hayo tu. Wala mimi sikutaka mengine.

Siku hizi anaishi Kimuli kwa binti yake. Magoti yamekataa, na studio imekuwa duka la simu, madirisha yote mawili yamejaa makava ya simu ya rangi rangi. Vuli iliyopita mawingu yalipoanza kujikusanya nilichukua gari nikamfuata mwenyewe. Nilimkuta ameshavaa, amekaa kwenye kiti cha uani, mfuko wa kamera magotini, kama mtu anayengoja gari aliloahidiwa, ingawa mimi sikuwa nimeahidi kitu.

"Umechelewa," akasema.

Barabara ya kufika kwenye mwamba niliilima mimi, kwa hiyo gari linafika mpaka karibu. Tulikaa ndani mvua ikipiga. Ilipokatika nilimshika mkono tukatembea, yeye akinung'unika kwa Kinyambo kuhusu magoti, kisha kuhusu wingu, kisha akaacha kunung'unika. Nilimfungulia stendi. Aliiweka mwenyewe, mguu mmoja, wa pili, wa tatu. Akachungulia.

Nilingoja asome mapaa. Nilikuwa nimepaka lile langu, lote, jekundu kama la kanisa. Sikumwambia. Nilitaka alione mwenyewe.

Alikaa amechungulia muda mrefu.

"Umepaka," akasema.

"Nimepaka."

"Lini?"

"Kiangazi hiki. Rangi ya kutoka Mwanza, ile ya kudumu, hakuna mwingine aliye nayo hapa."

"Aa."

Mwanga ulikuwa unapenya kutoka nyuma yetu, unateremka bondeni, unapanda upande wa soko, na mapaa yote yalikuwa yamelowa yanawaka. Langu lilikuwa katikati. Nilisogea mbele ili nilione vizuri. Nilikuwa nataka kumwuliza kama ninaonekana sasa, na swali lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Tajiri," Fundi akasema nyuma yangu, taratibu, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Sogea kidogo. Umenizibia tena."

Nikasogea.